Augusta Savage na "Kinubi" chake: kiliishia wapi, na sanamu ya shule yetu Dodoma tuijenge kwa malighafi ipi?

MwalimuSanaa_Dom

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha sanaa katika sekondari moja hapa Dodoma mjini. Muhula huu wanafunzi wanasoma wachongaji wanawake, na aliyewashika zaidi ni Augusta Savage, Mmarekani mweusi aliyetengeneza ile sanamu ya waimbaji waliopangwa kama nyuzi za kinubi. Uongozi umekubali tusimamishe sanamu ya kudumu uwanjani kwa kumuenzi: waimbaji watano kwenye mstari mmoja, wa kwanza mita 1.8, wa mwisho mita 0.9, mavazi yao yameshikana na vichwa na mikono ndiyo vinavyotokeza.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, maisha yake kwa mpangilio wa kuaminika, maana maelezo ya picha zake mitandaoni yanapishana. Pili, hicho Kinubi kilijengwa kwa nini hasa na kiko wapi leo. Tatu, mzazi mmoja ambaye ni fundi dari ametushauri tutumie gipsamu, yaani plasta ya dari, kwa hoja kwamba hata Augusta mwenyewe alitumia plasta. Je, itahimili nje? Uwanja una jua kutwa nzima, na upande tuliopewa una udongo mweusi wa mbuga. Bronzi tumeshaiondoa kwenye mahesabu kwa sababu ya fedha.

KumbukumbuZaSanaa

Mwalimu, umewachagulia wanafunzi mtu anayestahili kusomwa kwa kina.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1892 katika mji wa Green Cove Springs, jimbo la Florida, kwa jina la Augusta Christine Fells. Eneo lile lilikuwa na udongo mwekundu wa kufyatulia matofali, na huo ndio aliouchezea utotoni akifinyanga bata na wanyama wadogo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, akaona vinyago vile ni dhambi, akawa anamchapa. Aliolewa akiwa binti mdogo, akapata mtoto wake wa pekee, Irene, mwaka 1908, na mume wake akafariki. Familia ilipohamia West Palm Beach mwaka 1915 akapata tena udongo mzuri. Akiwa bado mwanafunzi, mkuu wa shule alimlipa dola 1 kwa siku awafundishe wenzake ufinyanzi. Mwaka 1919 alipata tuzo ya dola 25 kwenye maonyesho ya wilaya. Jina la Savage ni la mume wa pili; waliachana, jina akabaki nalo.

Mwaka 1921 alifika New York akiwa na dola 4 na senti 60, akapata nafasi Cooper Union, chuo kisichotoza ada, na kozi ya miaka minne akaimaliza kwa mitatu. Mwaka 1923 aliomba masomo ya kiangazi Fontainebleau, Ufaransa, katika mpango uliokuwa na nafasi 100 za wanawake wa Kimarekani. Walipogundua ni mweusi wakamkatalia. Hakunyamaza: alipeleka suala magazetini, likawa mjadala wa taifa zima. Kamati haikubadilisha uamuzi, ila mjumbe wake mmoja, mchongaji Hermon MacNeil, alimkaribisha ajifunze kwake.

Miaka hiyo alitengeneza sanamu za kichwa na mabega za W. E. B. Du Bois na Marcus Garvey, viongozi wa kupigania haki za watu weusi. Ile ya Du Bois iliagizwa kwa ajili ya tawi la maktaba ya umma mtaa wa 135, Harlem, eneo la watu weusi jijini New York. Mwaka 1929 akatengeneza "Gamin", kijana wa mtaani mwenye kofia iliyopinda, ambaye mfano wake ulikuwa mpwa wake. Kazi hiyo ndogo ndiyo iliyompatia ufadhili wa mfuko wa Julius Rosenwald, akaenda kusoma Paris. Nakala iliyoko Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani, ni plasta iliyopakwa rangi, kimo chake karibu sentimita 23 tu. Waonyesheni wanafunzi jinsi mdomo na kope zilivyofanyiwa kazi: hakuna mstari wa ziada hata mmoja.

Aliporudi alifungua studio ya kufundishia Harlem mwaka 1932. Mwaka 1934 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha kitaifa cha wanawake wachoraji na wachongaji wa Marekani. Mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Harlem Community Art Center. Wachoraji Jacob Lawrence, Norman Lewis na Gwendolyn Knight walipita mikononi mwake. Kwa maoni yangu hii ni nusu ya kazi yake ya umma, na isiachwe kwenye somo lenu. Yeye mwenyewe alisema akimwinua kijana mmoja mwenye kipaji, basi kumbukumbu yake itakuwa ndani ya kazi ya kijana huyo.

Sasa Kinubi. Kiliagizwa mwaka 1937 kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939. Yeye alikiita "Lift Every Voice and Sing", jina la wimbo wa ndugu wawili, James Weldon Johnson na J. Rosamond Johnson, ulioimbwa mara ya kwanza na watoto wa shule 500 huko Jacksonville mwaka 1900. Waandaaji wa maonyesho ndio waliokibadilisha jina kikawa "The Harp". Waimbaji ni 12, mavazi yao yanashuka kama mifereji iliyonyooka hadi chini. Kile kipande kirefu kinachowabeba ni mkono wa Mungu, kiganja kikiwa upande wa mbele. Mbele kabisa kuna kijana amepiga goti, ameshika karatasi ya muziki. Kimo ni futi 16, yaani karibu mita 4.9. Kuna kurasa zinaandika mita 16, hizo ziwekeni kando.

Haikuwa bronzi wala jiwe. Ilikuwa plasta iliyopakwa rangi ifanane na basalti nyeusi, jiwe la volkano. Maonyesho yalipofungwa mwaka 1940 hakukuwa na fedha za kuimimina kwa metali, wala za kuihamisha na kuitunza. Ikabomolewa kwa matingatinga pamoja na majengo ya muda. Vinavyoonekana leo kwenye makumbusho ni nakala ndogo za metali zilizouzwa kama kumbukumbu kwa wageni. Nafasi yake ya ukurugenzi, aliyoiacha kwa muda ili ajenge Kinubi, nayo aliikuta imeshachukuliwa. Mwaka 1945 alihamia Saugerties, kaskazini mwa jiji la New York, akaishi maisha ya kimya, na alifariki mwezi Machi 1962.

FundiGipsamu

Mwalimu, mimi najibu la tatu. Msiweke gipsamu nje. Huyo mzazi ana nia njema, na ni kweli Augusta alitumia plasta, lakini plasta ya maonyesho ilikuwa ya kukaa misimu miwili tu.

Gipsamu ni jasi, jiwe lile lile linalochimbwa Itigi. Ukilioka kwenye joto la nyuzi kama 150 linapoteza robo tatu ya maji yake, linakuwa unga. Ukiurudishia maji, unaganda. Tatizo ni kwamba hata ukiganda bado unayeyuka: lita 1 ya maji hubeba hadi gramu 2 hivi. Dodoma tunapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, maana yake lita 570 kwenye kila mita ya mraba iliyolala. Piga hesabu: kwa kila mita hiyo, zaidi ya kilo 1 ya sanamu inaweza kuondoka kila mwaka, karibu milimita 1 ya uso. Maji yanayoteleza haraka hayafikii kiwango hicho, ila yanayotuama mabegani, kwenye kope na kwenye mikunjo ya nguo yanafikia, na huko ndiko uliko uzuri wa sanamu. Isitoshe, gipsamu iliyolowa inapoteza karibu nusu ya nguvu yake, na nondo za ndani zinaanza kutu ndani ya msimu mmoja. Rangi ya mafuta inachelewesha tu. Ikishapata ufa mdogo, maji yanaingia nyuma ya rangi na kubaki humo.

Na tafadhali, asitokee mtu wa kuwaambia mchanganye gipsamu na saruji ili iwahi kushika. Inawahi kweli, halafu baada ya miezi jasi na saruji vinaendelea kutengeneza fuwele zinazovimba, na kazi inapasuka kutoka ndani. Kosa hilo halina dawa.

Mahali pake ni kwenye kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia. Vichwa vitano finyangeni kwa udongo mezani, kivulini, kisha mchukue kalibu ya gipsamu. Kichwa cha ukubwa wa kawaida kinakula kilo 5 hadi 6 za unga. Gawanya kichwa mara mbili kwa kuchomeka vipande vya kopo la soda kwenye mstari unaopita nyuma ya masikio. Maji yanatangulia kwenye ndoo, lita 0.7 kwa kila kilo ya unga. Nyunyiza unga taratibu mpaka vitokee visiwa juu ya maji, subiri dakika 2, halafu koroga kwa mkono ukiwa chini ya uso wa maji ili usiingize hewa. Ndoo iwe safi kabisa, maana mabaki ya gipsamu ya jana yanafanya ya leo igande ukiwa bado unakoroga. Gipsamu ya dari nyingine huwekewa dawa ya kuchelewesha, kwa hiyo jaribu kikombe kimoja kwanza na uangalie saa.

Koti la kwanza tia rangi ya unga kidogo, unene wa milimita 5, lipulizwe au lirushwe kwa vidole liingie kila kona. Rangi hiyo ndiyo itakayokuonya kwamba umekaribia uso wa kazi wakati wa kuvunja kalibu. Koti la pili jeupe, milimita 20, na ndani yake laza nyuzi za katani zilizochovywa kwenye gipsamu. Katani inashika hata plasta ikipasuka. Ukishatoa udongo, osha kalibu, iache ikauke siku kadhaa, paka vanishi mara mbili na mafuta mepesi juu yake. Bila vanishi, gipsamu itanyonya maji ya saruji na uso utatoka na unga unga.

MwalimuSanaa_Dom

Nimeshukuru sana, wote wawili. Hoja ya gipsamu imeeleweka, na hesabu ya mvua nitaipeleka darasani kama ilivyo. Basi tunakwenda na saruji. Naomba sasa mwenye ujuzi anielekeze kuanzia msingi. Je, kuna namna ya kukwepa ule udongo mweusi bila gharama kubwa?

ZegeNaNondo

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuomba mpewe sehemu nyingine. Kama upande wa pili wa uwanja una udongo mwekundu wenye kichanga, hamieni huko. Udongo wa mbuga ukinyeshewa unavimba, kiangazi unapasuka nyufa zinazomeza kiganja. Sanamu iliyokaa juu yake inanyanyuliwa upande mmoja kila mwaka, na ufa wa kwanza unatokea pale umbo linapokuwa jembamba.

Ikishindikana kuhama, chimba mita 3 kwa 2, kina mita 1, toa udongo mweusi wote na upeleke mbali, usiurudishie pembeni. Jaza moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Andaa kama mita za ujazo 7 za moramu, maana ikishindiliwa inapungua. Juu yake mimina jamvi la zege la mita 2.4 kwa 1.2, unene sentimita 20, uso wake uwe juu ya ardhi kwa sentimita 10 na uinamie nje kidogo pande zote. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kwa kipimo hicho linakula mifuko 4 ya saruji. Nondo za milimita 12 kila sentimita 20, pande zote mbili, zinyanyuliwe sentimita 5 kutoka chini kwa vipande vya zege. Msitumie kokoto za kuokota wala vipande vya mti. Kabla ya kumimina, funga nondo za kuanzia: tatu kwa kila mwimbaji, zimepindwa chini ya wavu wa jamvi, zimetokeza juu sentimita 60.

Sasa kiunzi. Hapa ndipo kazi nyingi za shule zinapoharibikia. Watu wanasuka nondo na wavu mpaka zifikie ukubwa wa mtu kamili, halafu wanakuta hakuna nafasi ya saruji, wanapaka sentimita 1 tu. Mvua mbili tatu, maji yanafika kwenye chuma, kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Inasukuma ganda, ganda linadondoka. Kiunzi kiwe chembamba kuliko sanamu kwa sentimita 3 kila upande, ili juu ya chuma kuwe na angalau sentimita 2.5 za saruji. Nondo za wima milimita 10, ringi za milimita 6 kila sentimita 20, halafu wavu wa kuku tabaka mbili zilizopishana matundu, zifungwe kwa waya kila sentimita 10 hadi 15. Ncha zote za waya zipindwe kwenda ndani. Ncha moja tu inayotazama nje ndiyo doa la kutu la mwakani.

Ndani paache wazi. Msijaze matofali wala mbao. Toboa matundu ya milimita 20 chini, nyuma ya mavazi, ili unyevu upate pa kutokea.

Mchanga wa makorongo yetu una tope jingi, kwa hiyo upime. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, tia mchanga sentimita 10, maji mpaka juu, kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, iache usiku kucha. Tope linalokaa juu ya mchanga likizidi milimita 6, mchanga uoshwe au utafutwe mwingine. Chumvi ni ya kwenye chupa tu, kwenye kazi hapana. Na maji ya kuchanganyia yawe ya bomba. Visima vingi vya ukanda huu wa kati vina maji ya chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nondo haraka na kutoa ule weupe juu ya uso.

Kipimo ni ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 2 na nusu za mchanga uliochekechwa. Maji yasizidi lita 22 kwa mfuko wa kilo 50, na kama mchanga una unyevu punguza. Finyanga donge mkononi: likibaki bila kuchuruzika, uko sawa. Changanya kiasi kitakachoisha ndani ya dakika 45. Kilichoanza kukaza kisiongezwe maji, kitupwe. Uso wa waimbaji wote watano nakadiria mita za mraba 8, kwa unene wa sentimita 4 hiyo ni mita ya ujazo 0.32, uzito kama kilo 700. Mifuko 5 inatosha pamoja na ya kuharibika.

Kandika kwa kusukuma kwa kiganja, saruji ipenye wavu na itokee ndani, isiwe ya kupakwa tu juu. Koti la kwanza sentimita 2, ulichore mikwaruzo likiwa bichi. Siku ya pili loanisha, paka uji wa saruji, weka koti la pili hapo hapo kabla uji haujakauka. Koti la mwisho la sentimita 1 ndilo la mikunjo ya nguo: litumie mchanga laini zaidi, na usilichonge mara moja. Subiri saa 2 hadi 4, kidole kikigusa kisizame, ndipo ukate kwa kisu na chuma cha kukwangulia.

Adui mkubwa wa Dodoma ni upepo mkavu. Unanyonya maji ya saruji kabla haijashika, na jioni unakuta uso mzima una nyufa kama nywele. Fungeni turubai upande wa upepo kabla hamjaanza, na mfanye kazi asubuhi. Saa chache baada ya kumaliza, funikeni kwa magunia ya katani yaliyolowa, juu yake nailoni. Siku 7 ni lazima, 14 ni bora, na mtu awekwe zamu ya kumwagia, Jumapili ikiwemo. Msimu mzuri ni Mei na Juni: mvua zimeisha na upepo haujapamba moto.

Vichwa vitengenezwe mezani kwa kalibu kama alivyoeleza fundi wa gipsamu, kila kimoja kiwe na nondo 4 za milimita 8 zilizotokeza shingoni sentimita 30, kisha vifungwe kwenye kiunzi kabla ya koti la kwanza la mabega. Puani na vidoleni msipeleke chuma kabisa. Waya wa shaba wa nyaya za umeme, ukishachunwa, ndio wa vidole, ila usigusane na nondo, maana shaba na chuma vikikutana kwenye unyevu chuma kinaliwa.

DadaWaChamwino

Mwalimu, naomba niongezee kwenye umbo lenyewe. Kinubi kilisimama kwa sababu Augusta alitumia akili kwenye mavazi: mifereji ile mirefu ni nguzo. Hakuna vifundo vya miguu, hakuna kiuno chembamba, uzito wote unashuka wima. Sehemu za hatari zilikuwa mkono ulionyooka na yule kijana na karatasi yake ya muziki. Kwenye saruji karatasi ile ni balaa, sahani nyembamba iliyoning'inia, ndiyo itakayovunjwa na mpira wa wanafunzi siku ya kwanza.

Kama mnataka sanamu ifanane nasi zaidi, msinakili kinubi. Chukueni wanawake wa Kigogo wanaopiga muheme. Ngoma inabanwa katikati ya miguu, kwa hiyo mwanamke na ngoma yake vinakuwa umbo moja pana kuanzia magotini hadi chini, saruji inalipenda umbo hilo. Mikono iko karibu na ngozi ya ngoma, inaweza kushikanishwa nayo isining'inie hewani. Warefu nyuma, wafupi mbele, mteremko wa vichwa unabaki ule ule wa Augusta na mwenye kuujua ataona heshima mliyompa. Uso wa ngoma usiwe bapa kabisa, uinamishwe kidogo mbele maji yasituame.

NtaNaShaba

Nakubaliana na wote juu ya saruji, ila kuna jambo moja naomba lisisahaulike. Kinubi hakikuuawa na plasta peke yake. Kazi nyingi za bronzi zinaanzia kwenye udongo, zinapita kwenye plasta, kisha nta inayoyeyushwa kuacha nafasi, ndipo zinafika kwenye metali. Plasta ilikuwa kituo cha njiani, na safari haikulipiwa.

Linganisha na Edmonia Lewis, mchongaji mwingine Mmarekani mwenye asili ya Afrika, aliyetangulia. "Kifo cha Cleopatra" aliionyesha Philadelphia mwaka 1876. Ni marumaru, uzito karibu tani 1.4. Nayo ilikosa mwenyewe. Iliachwa ghalani Chicago, ikawekwa kwenye baa, ikaishia kuwa alama ya kaburi la farasi wa mashindano, ikapigwa na mvua na theluji miaka mingi. Uso uliharibika, lakini jiwe lilisubiri, na leo iko Smithsonian. Na kwa karibu yetu, Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2019 aliweka wanawake wanne wa bronzi kwenye vishubaka vya mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vilivyokuwa vitupu tangu jengo lile likamilike mwaka 1902. Huyo alipata kilichomkosa Augusta: taasisi iliyolipia hatua zote mpaka metali.

Kwa hiyo mwalimu, usiifute bronzi moja kwa moja, iahirishe. Kalibu za vichwa zisivunjwe ovyo. Fanyeni ile ya vipande vinavyofunguka, mzihifadhi stoo pakavu, zimenyanyuliwa kutoka sakafuni. Nta ya nyuki ipo kwetu, Manyoni na Singida. Kanuni ya karakana ni kwamba kilo 1 ya nta inadai kilo 10 za metali, pamoja na ya kwenye mifereji ya kupitishia metali. Kichwa na mabega, nusu mita ya mraba, unene milimita 5, ni kilo 22 za bronzi bila mifereji. Kichwa kimoja kwa mwaka kinaweza kupatiwa mfadhili. Watano kwa mpigo haiwezekani.

Tengenezeni pia mfano mdogo wa kundi zima kwa kipimo cha 1:5, mrefu wa sentimita 36, na mpige picha pande nane huku rula ikionekana. Tunakijua Kinubi kwa sababu ya picha na zile nakala ndogo za mezani. Na kwenye barua ya shule iandikwe nani mwenye sanamu, nani anaitunza, na ikibidi jengo jipya lije pale, itahamishiwa wapi na kwa fedha ya nani.

MwalimuSanaa_Dom

Dada, wazo la muheme nimelipeleka kwa wanafunzi na limepita. Tunakwenda na wanawake watano na ngoma zao. Fundi ZegeNaNondo, mawili ya mwisho: tupake rangi lini, na matunzo ya kila mwaka yaweje?

ZegeNaNondo

Kwa ngoma ongezeni nondo mbili za kuanzia kwa kila umbo, na mfuko 1 wa saruji.

Rangi isipakwe kabla ya siku 28. Saruji changa ina ukali unaounguza rangi ya mafuta, inabanduka kama gamba. Mimi ningependekeza msipake kabisa. Koti la mwisho litiwe rangi ya unga nyekundu au nyeusi ya oksaidi ya chuma, isizidi kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50, ipimwe kwa mizani kila mchanganyo, la sivyo kila mwanamke atatoka na rangi yake.

Matunzo ni kila Novemba kabla ya mvua. Osheni vumbi kwa maji na brashi laini bila sabuni ya kufulia. Zungukeni mkitazama madoa ya kahawia, na mzibue matundu ya chini kwa waya maana nyigu na mchwa huyaziba. Doa la kutu likionekana, lisipakwe saruji juu. Chimbueni mpaka chuma kionekane chote kuzunguka, kisugueni kwa brashi ya waya mpaka king'ae, kipakeni uji wa saruji, kisha kandikeni upya kwa kipimo kile kile, na gunia lililolowa juu yake siku 7.